Jinsi ya kuuza mvinyo moja kwa moja kwa mteja Marekani wakati sheria za majimbo hazitulii

Wadau, kama una kiwanda kidogo cha mvinyo kule Marekani, au umeajiriwa kwenye kimoja na bosi amekukabidhi oda za mtandaoni, naomba uelewe jambo moja kabla hujagusa kitu kingine: sheria inayokubana siyo ya pale chupa inapotoka tu, ni ya pale inapofikia. Shamba lako liko Oregon, mteja anakaa Pennsylvania, basi kwa oda ile unafuata leseni ya Pennsylvania, kodi ya Pennsylvania, kiwango cha katoni cha Pennsylvania na ripoti ya Pennsylvania, alafu kesho akitokea mteja wa Virginia unaanza upya kabisa, ya jana hayakusaidii. Na hizo sheria zenyewe hazitulii, bunge la jimbo likikaa linagusa hiki, mahakama inafuta kile, idara ya kodi inaongeza katozo kapya. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, usifungue majimbo yote eti kwa sababu tovuti yako inaweza kupokea oda kutoka popote. Fungua machache unayoweza kuyahudumia vizuri, yakae sawa, ndo uongeze.

Tuanze na kwa nini mambo yako hivi, maana ukijua chanzo hutashangaa tena ukikuta jimbo moja linakubali na jirani yake anakataa.

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920, marufuku ikaondolewa tarehe 5 Desemba 1933 kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba. Ila hayo marekebisho hayakuishia kusema pombe sasa ruksa, kifungu chake cha pili kiliyapa majimbo mamlaka ya kuamua pombe iingieje kwao. Majimbo mengi yakajenga mfumo wa ngazi tatu: mzalishaji anamuuzia msambazaji wa jumla, msambazaji anamuuzia mwenye duka au baa, mwenye duka ndo anamuuzia mnywaji. Kwa kiwanda kikubwa mfumo huu unaenda vizuri tu. Kwa mdogo ni mateso, kwa sababu msambazaji ana lebo kibao kwenye orodha yake na hana muda na mtu wa katoni mia tano kwa mwaka, na hata akikuchukua basi faida mnagawana watu watatu. Kuuza moja kwa moja kwa mnywaji ndo kunakowaweka wadogo hai, na ndo maana inaniuma nikiona mtu anaikosa nafasi hii kwa sababu ya makaratasi.

Mwaka 1986 California ilianzisha utaratibu wa nipe nikupe, yaani jimbo lako likiruhusu mvinyo wetu na sisi tutaruhusu wenu, na majimbo kadhaa yakafuata. Kisha ikaja kesi ya Granholm v. Heald, hukumu ikatoka 16 Mei 2005. Michigan na New York walikuwa wanawapa nafasi wazalishaji wa ndani ya jimbo kuwatumia wateja mvinyo huku wa nje wakizuiwa au kuwekewa masharti magumu mno. Mmoja wa waliokwenda mahakamani ni mama mmoja wa Virginia, Juanita Swedenburg, mwenye kiwanda kidogo cha familia. Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 dhidi ya 4, uamuzi ukaandikwa na Jaji Anthony Kennedy, kwamba jimbo haliwezi kubagua, ukiruhusu wa kwako ruhusu na wa nje kwa masharti yaleyale.

Sasa hapa watu wengi wanaisoma vibaya hiyo hukumu. Haikusema kila jimbo lazima liruhusu. Ilisema msibague. Jimbo likitaka kuwafungia wote, wa ndani na wa nje, linaweza. Utah kwa mfano imekaa miaka mingi bila kuruhusu mvinyo kutumwa nyumbani kwa mtu. Na kuna majimbo yaliyotafuta njia ya pembeni, badala ya kutaja wa ndani na wa nje yakaweka kikomo cha ukubwa wa kiwanda. Massachusetts waliweka mstari kwenye galoni 30,000, ukizalisha zaidi ya hapo na una msambazaji basi huwezi kutumia njia zote mbili, msambazaji na kutuma mwenyewe, na bahati ilivyo viwanda vyao wenyewe vyote vilikuwa chini ya mstari. Mahakama ya rufaa ikaifuta mwaka 2010. Hata baada ya hapo mambo hayakufunguka mara moja, mpaka Drew Bledsoe, yule aliyewahi kuwa mchezaji nyota wa timu ya mpira wa Kimarekani ya New England Patriots na sasa ana mvinyo wake wa Doubleback kule Walla Walla, akawa anapiga kelele hadharani kwamba hawezi kuwatumia chupa mashabiki wake wa Massachusetts. Sheria mpya ikaanza kazi 1 Januari 2015, kiwango ni katoni 12 za lita 9 kwa mtu kwa mwaka. New Jersey nao walifungua 2012 ila wakaweka kikomo cha galoni 250,000, kwa hiyo kiwanda kidogo hakikuguswa na hicho kikomo ila kikubwa kilibaki nje.

Baada ya hapo majimbo yameendelea kufunguka moja moja. Pennsylvania walipitisha sheria Juni 2016. Oklahoma wananchi walipiga kura 2016 na mfumo mpya ukaanza 1 Oktoba 2018. Kentucky 2020. Alabama 1 Agosti 2021. Mississippi, ambao walikuwa miongoni mwa wagumu kuliko wote, 1 Julai 2025. Angalia vizuri hizo tarehe, nyingi zinaangukia mwanzo wa mwezi na kati yake na siku gavana anaposaini kuna miezi au hata miaka. Hilo litakusaidia baadaye tukifika kwenye kufuatilia mabadiliko.

Haya, kazi yenyewe.

Kabla ya jimbo lolote la nje, hakikisha nyumbani pako sawa. Unahitaji kibali cha TTB, ile ofisi ya serikali kuu inayosimamia kodi na biashara ya pombe na tumbaku, unahitaji lebo zako ziwe zimeidhinishwa nao, na unahitaji leseni ya uzalishaji ya jimbo lako mwenyewe. Majimbo mengine yote yatakuomba nakala za hivi vitu, kwa hiyo viskani vyote uviweke kwenye folda moja. Na tafadhali sana linganisha majina. Kama kibali cha TTB kinasema jina la kampuni liko hivi na leseni ya jimbo ina jina la biashara tofauti kidogo, herufi moja au neno moja limezidi, maombi yako yatarudishwa na utapoteza wiki kadhaa kwa kitu cha dakika tano. Hali kadhalika kama una majina mawili ya mvinyo chini ya kampuni moja, yote yawe yamesajiliwa kama majina ya biashara kabla hujaanza kuomba nje.

Kisha chagua majimbo. Usichague kwa ukubwa wa jimbo kwenye ramani wala kwa kusikia kwamba kule watu wanakunywa sana. Chukua orodha ya watu waliokuja kuonja kwako mwaka uliopita, chukua baruapepe za walioomba kutumiwa mvinyo ukawajibu bado, angalia zip kodi zao, zile namba za posta za anwani. Utaona zinajikusanya sehemu chache. Hizo ndo zako. Sasa kwa kila jimbo kwenye hizo piga hesabu ya gharama nzima ya mwaka: ada ya leseni, ada ya kuhuisha, dhamana kama wanataka, na muda wa mtu wa kujaza ripoti, maana jimbo linalotaka ripoti kila mwezi ni fomu kumi na mbili kwa mwaka hata kama umeuza katoni tatu tu. Ukiona faida ya oda unazotegemea haifikii hapo, liache. Mwambie mteja kwa heshima kwamba bado hamjapata leseni ya kule, atakuelewa, na ukimwandika kwenye orodha ya kusubiri utajua ni lini wamefika idadi ya kutosha.

Ukishachagua, kila jimbo litengenezee ukurasa wake mmoja. Mmoja tu. Juu andika tarehe uliyohakiki mara ya mwisho na uliyahakiki wapi, yaani ukurasa gani wa idara ya pombe au idara ya kodi ya jimbo lenyewe, siyo makala ya mtu aliyeandika kuhusu hiyo sheria. Chini yake: namba ya leseni na siku inapoisha, kiwango cha juu kwa mteja, kodi zote na viwango vyake, ripoti ziende kwa nani na lini, maneno gani lazima yaonekane kwenye boksi, na maeneo yaliyozuiwa ndani ya jimbo. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana, kuna majimbo kama Kentucky yenye kaunti au sehemu ambazo pombe bado haiuzwi, kwa hiyo jimbo linaweza kuwa wazi na anwani ya mteja wako ikawa haiko wazi.

Ngoja nioneshe kwa karibu oda moja ya Pennsylvania, maana ukielewa moja nyingine zinafuata. Mteja yuko mjini Philadelphia, anataka chupa 12 za kawaida za mililita 750, kila moja dola 25, jumla dola 300 kabla ya usafiri. Kwanza angalia kiwango: Pennsylvania inaruhusu kiwanda kimoja kumtumia mkazi mmoja mpaka katoni 36 za lita 9 kwa mwaka, na chupa 12 za mililita 750 ni lita 9 kamili, kwa hiyo hii ni katoni moja kati ya 36 zake. Pili kodi ya mauzo: jimbo linachukua asilimia 6, Philadelphia inaongeza asilimia 2 yake, kwa hiyo kwenye zile dola 300 ni dola 24. Angekuwa Pittsburgh, ambako kaunti ya Allegheny inaongeza asilimia 1, ingekuwa dola 21, na sehemu nyingine za jimbo dola 18. Na gharama ya usafiri unayomtoza nayo inaingia kwenye hesabu ya kodi kule, usiiache nje. Tatu kuna ushuru wa mvinyo wenyewe ambao haujali bei, unajali ujazo, dola 2.50 kwa galoni. Lita 9 ni galoni 2.378, kwa hiyo karibu dola 5.95. Mvinyo wa dola kumi na mvinyo wa dola mia unalipiwa ushuru sawa hapo. Nne, mteja lazima awe na miaka 21 na uthibitishe, na mvinyo huo ni wa kunywa siyo wa kuuza tena. Unaona? Oda moja, kodi mbili zinazohesabiwa kwa njia tofauti kabisa, na kiwango kinachohesabiwa kwa mwaka mzima.

Hiyo namba 2.378 iandike ukutani. Chupa sita ni galoni 1.189. Fomu nyingine zinataka lita, nyingine galoni, nyingine katoni, na makosa mengi kwenye ripoti ni ya kubadilisha vipimo tu.

Kuhusu viwango, usitegemee kumbukumbu. Virginia ni katoni 2 kwa mwezi, Massachusetts 12 kwa mwaka, Alabama 12 kwa mwaka, Pennsylvania 36 kwa mwaka. Ukiwa na klabu ya mvinyo ambayo inatuma chupa zenyewe kila msimu, alafu mwanachama huyohuyo akaingia kwenye tovuti Desemba akaagiza za zawadi, na mke wake naye ana akaunti yake anwani ileile, mfumo wako lazima ujumlishe kwa mtu kama jimbo linahesabu kwa mtu, au kwa anwani kama linahesabu kwa nyumba. Kama programu yako ya mauzo haiwezi kufanya hivyo basi weka kikomo cha chini zaidi kwenye tovuti na zile oda kubwa uzipitie kwa mkono. Na kwenye tovuti hiyohiyo, majimbo ambayo huna leseni yafunge kabisa yasionekane kwenye sehemu ya kuchagua anwani. Kumruhusu mtu alipe halafu umrudishie hela ni usumbufu kwake na kwako ni hatari, kwa sababu majimbo mengine yanaona oda iliyopokelewa kama mauzo.

Usafirishaji sasa. Posta ya Marekani haibebi pombe, hilo halina mjadala. FedEx na UPS wanabeba ila siyo kwa kila mtu, wanabeba kwa mwenye leseni ambaye amesaini nao mkataba maalum wa pombe, kwa hiyo usiende kaunta na boksi, utakataliwa au mbaya zaidi utadanganya kilichomo ndani, ambalo ni kosa. Mteja wako pia mwambie mapema kwamba hawezi kuchukua boksi ulilomtumia akalituma mwenyewe kwa dada yake jimbo lingine, akitaka kumzawadia dada basi oda iende moja kwa moja kwa dada, na dada ndo awe na miaka 21 na jimbo lake ndo liangaliwe.

Kwenye boksi panakaa stika inayosema mna pombe ndani na kwamba lazima asaini mtu mwenye miaka 21 au zaidi, maneno yenyewe chukua neno kwa neno kutoka kwenye masharti ya jimbo na ya kampuni ya vifurushi. Dereva akifika na hakuna mtu mzima, haliachi mlangoni, anarudi nalo. Akikosa mtu mara kadhaa linarudi kwako, na mvinyo uliozunguka kwenye gari la moto Julai ukarudi siyo mvinyo wa kumuuzia mtu tena. Kwa hiyo wakati wa kuagiza muulize mteja mchana huwa nani yupo nyumbani, mshauri atumie anwani ya kazini kama wanapokea, au achukulie kwenye kituo cha kampuni ya vifurushi ambapo wataangalia kitambulisho. Miezi ya joto kali wengi husimamisha usafirishaji wa kwenda Arizona, Texas na huko kusini mpaka hali ipoe, na mimi naona ni sawa kabisa, mwambie mteja ukweli kwamba unalinda chupa zake.

Sasa nije kwenye ripoti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wadogo wanapokamatwa. Watu wanafikiri jimbo haliwezi kujua umetuma nini. Linajua. Majimbo mengi yanazitaka kampuni za vifurushi nazo ziwasilishe taarifa zao, nani katuma, kwa nani, tarehe gani, uzito gani, namba gani ya kufuatilia mzigo. Upande mmoja kuna ripoti yako, upande wa pili kuna ripoti ya msafirishaji, na karani wa jimbo anaziweka pamoja kwenye kompyuta. Kila mstari ulio kwa msafirishaji na haupo kwako ni swali. Kila mtumaji aliyepo kwenye orodha ya msafirishaji na hana leseni ni barua ya onyo, na barua ya onyo kwenye jimbo moja inaweza kukufuata ukiomba leseni kwingine maana fomu nyingi zinauliza kama umewahi kukiuka sheria popote.

Ili mistari ifanane fanya hivi. Weka rekodi kwa siku boksi lilipoondoka stoo, siyo siku mteja alipolipa. Oda ikilipwa 30 Juni na gari likaja kuchukua 2 Julai, kwa msafirishaji hiyo ni ya Julai, na wewe ukiiweka Juni robo mbili za mwaka zitakuwa hazilingani. Kodi ya mauzo inaweza kuwa na utaratibu wake wa tarehe kwenye jimbo husika, ndo maana tarehe zote mbili ziwe kwenye safu mbili tofauti za jedwali lako. Boksi lililorudi bila kupokelewa liandike limerudi na tarehe, usilifute tu, kwa sababu kwa msafirishaji bado linaonekana lilitoka. Boksi ulilotuma kufidia chupa iliyovunjika nalo liandike hata kama ni la bure, pombe ni pombe kwao. Na namba ya kufuatilia mzigo ikae kwenye kila mstari, mkaguzi akiuliza unampa hiyo na mnamalizana.

Ripoti ya sifuri pia ni ripoti. Mwezi au robo ambayo hujatuma hata chupa moja kwenye jimbo lenye leseni yako, bado unajaza fomu unaandika sifuri unatuma. Ukinyamaza wanahesabu hujawasilisha, faini inatoka kwa chupa ambazo hazikuwepo. Nyaraka zako zote zitunze angalau miaka mitatu, hiyo ndo TTB inataka, na jimbo likitaka zaidi fuata la jimbo. Ukiomba leseni ya jimbo mara nyingi unakuwa umekubali pia kwa maandishi kwamba wanaweza kukukagua na kukushtaki kwao hata kama hujawahi kukanyaga huko, kwa hiyo usifikiri umbali unakuficha.

Kodi zenyewe zinabadilika kwa kasi kuliko leseni. Kesi ya South Dakota v. Wayfair ya Juni 2018 iliruhusu majimbo kudai kodi ya mauzo kutoka kwa muuzaji asiye na ofisi wala duka kwao, kule South Dakota mstari ulikuwa mauzo ya dola 100,000 au oda 200, na majimbo mengine yakaweka mistari yao. Lakini kwa mvinyo usijipe moyo na hiyo mistari, kwa sababu masharti ya leseni ya kutuma mvinyo kwenye majimbo mengi yanakutaka ulipe kodi kuanzia chupa ya kwanza. Alafu kuna tozo ndogondogo ambazo hata haziitwi kodi ya pombe. Colorado tangu Julai 2022 wana ada ya kila mzigo unaopelekwa kwa gari, ilianza senti 27, wakaja kuwasamehe wenye mauzo yasiyozidi dola 500,000 kwa mwaka. Minnesota tangu Julai 2024 wana senti 50 kwa oda ya dola 100 au zaidi, nao wana msamaha kwa wadogo. California tangu 1 Januari 2024 wameingiza chupa za mvinyo kwenye mpango wao wa kurudisha chupa, chupa ya kawaida senti 10, na kiwanda cha nje kinachotuma kwa wateja wa California kinatakiwa kujisajili na kulipa pia. Hakuna hata moja kati ya hizi utakayoiona ukifuatilia habari za sheria za pombe peke yake. Ndo maana nasema fuatilia idara ya kodi na idara ya mazingira vilevile.

Kufuatilia siyo kazi ya kila siku, ni ya kalenda. Mabunge mengi ya majimbo yanaanza kukaa Januari, kwa hiyo Januari na Februari ingia kwenye tovuti ya bunge la kila jimbo lako, tafuta miswada yenye neno mvinyo, kileo, usafirishaji kwa mteja, jisajili upate taarifa kwa baruapepe, ni bure. Montana, Nevada, North Dakota na Texas mabunge yao hukutana mwaka wa namba witiri tu, hivyo mwaka wa shufwa unapumua kidogo kwa hayo manne. Aprili mpaka Juni angalia nini kimesainiwa na kinaanza lini. Mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba kaa chini na zile kurasa zako zote, hakiki mstari kwa mstari, badilisha tarehe ya juu, kisha peleka mabadiliko kwenye tovuti na kwa watu wa stoo siku hiyohiyo. Sheria mpya ikisainiwa usianze kutuma siku ile, subiri tarehe ya kuanza na subiri idara itoe fomu. Muswada uliopita bado siyo leseni mkononi.

Kama unatumia ghala la mtu mwingine kufungasha na kutuma, jua kwamba majimbo kama Virginia na Tennessee yanataka ghala hilo nalo liwe na leseni yake. Waulize wakuoneshe leseni, na hakikisha kwenye ripoti jina la mtumaji linasomeka lako na la kwao inavyotakiwa, kwa sababu msafirishaji anaweza kuandika jina la ghala na wewe ukaonekana hujatuma kitu. Na kama rafiki yako mwenye duka la mvinyo anakuambia naye atatumia njia yako, mwambie sheria za maduka ni nyingine kabisa, majimbo yanayoruhusu duka la nje kutuma ni machache sana kuliko yanayoruhusu kiwanda. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2019 kuhusu Tennessee, kura 7 dhidi ya 2, ilifuta sharti la mwenye duka kuwa amekaa miaka miwili kwenye jimbo ndo apate leseni, lakini haikufungua usafirishaji wa maduka, mahakama za chini zimeendelea kubishania hilo.

Mwisho, ukiona jimbo halilipi tena, usiliache tu leseni ife yenyewe. Funga kwanza anwani za jimbo hilo kwenye tovuti, waandikie wanachama wa klabu wa huko mapema ili wasishtuke oda zao zikikatwa, subiri boksi la mwisho lipokelewe, jaza ripoti ya mwisho na weka alama kwamba ni ya mwisho, lipa kodi iliyobaki, kisha rudisha leseni kwa maandishi na uombe uthibitisho kwamba akaunti ya kodi nayo imefungwa. Idara ya pombe na idara ya kodi ni ofisi mbili, ukifunga moja ya pili itaendelea kukudai ripoti za sifuri.